Kamera ya Mdosi Iko na Masikio: Sheria Inasema Nini Ukinaswa Sauti Kazini ama Kwa Ploti?

Kabla nianze kuandika huku, nilikuwa nauza simu na kava kwa stoli moja tao. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa, na kazi ya kwanza iliyonipata ndiyo nilishika. Tulikuwa wawili: mimi na dem mmoja mwenye alinifunza kazi yote, kuanzia kubandika protekta bila mapovu hadi kujua mesej feki ya M-Pesa. Juu ya mlango kulikuwa na kamera nyeupe, ile ya kichwa kinazunguka. Tulikuwa tumeizoea hadi hatukuwa tunaiona.

Siku moja mchana, mvua inanyesha, hakuna kastoma, akaniambia ako na mimba ya miezi miwili. Hakuwa ameambia mtu mwingine, hata mamake. Tukabonga venye atajipanga, nikamwambia asijali, kwangu hiyo siri imefika mwisho.

Siku nne baadaye mdosi akamwita kando, akamwambia biashara iko chini na itabidi amwachilie. Akimalizia akaongeza, "Na ujichunge, hiyo hali yako haitaki stresi." Hali gani? Dem alirudi akaniangalia tu. Hakusema kitu. Akachukua mkoba akaenda, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakushika simu zangu, ju kwa hesabu yake watu walikuwa wawili tu wanaojua, na mmoja ni yeye.

Nilikuja kujua ukweli kwa ujinga wa mdosi mwenyewe. Kastoma aliuliza bei ya chaja fulani, nikamwambia angoje nipige simu niulize. Kabla nitoe simu mfukoni, ikalia yenyewe. Ni mdosi. "Mwambie soo nane, mwisho saba." Mdosi alikuwa Thika.

Niliangalia juu ya mlango nikaskia baridi.

Sasa, tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza watu swali moja: wewe kazini kwenu, ama kwa korido ya ploti yenu, unajua kama kamera inaskia? Wasee wengi wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Kwa kichwa cha Mkenya CCTV ni macho. Tunajua inatuona, tunaficha vitu tusionekane, lakini mdomo tunaacha wazi.

Maiki ilikuja bila mtu kuiita

Kitambo, CCTV ilikuwa mradi. Fundi anakuja na waya, mashine ya kurekodi, televisheni ya kuangalia, na ukitaka sauti unanunua maiki kando na kuvuta waya wake. Kwa hivyo mwenye duka alikuwa anaamua: nataka kuskia, ama sitaki. Kulikuwa na bei, na bei humfanya mtu afikirie.

Leo pita Luthuli Avenue. Kamera ya WiFi, hata ile ya kuweka mahali pa balbu, unapata kwa chini ya thao tatu. Nyingi zinakuja na maiki na spika ndani, ju zimeundwa zikifikiria mzazi anayetaka kuskia mtoto akilia ama mtu anayetaka kufokea mbwa akiwa mbali. Fundi akifika anaiunganisha na simu ya mdosi, wanaangalia kama picha iko klia, analipwa, anaenda. Maiki imewashwa tangu kiwandani na hakuna mwenye ameigusa. Mdosi mwenyewe anaweza kukaa wiki mbili bila kujua. Halafu siku moja anabonyeza kile kialama cha spika kwa simu, na stoli yote inaanza kubonga mkononi mwake akiwa kitandani.

Na hapo ndipo inakuwa noma, ju ukishaskia hutaki kuacha. Mushene ni tamu.

Picha na sauti si kitu kimoja. Picha ya mimi nikisimama kaunta inaonyesha nimesimama kaunta. Inaonyesha kama nimeingiza mkono kwa droo ya pesa. Sauti yangu kwa hizo saa kumi inaonyesha mshahara wangu, deni langu la Fuliza, dawa ninayomeza, nani ananipenda na nani nimemwacha, ninapigia nani kura, na venye namwona mdosi mwenyewe. Tena lenzi inaangalia upande mmoja. Maiki haina upande. Inaskia nyuma ya pazia, inaskia jirani wa stoli ya pili, inaskia kastoma akiongea na daktari wake kwa simu akingoja chenji.

Mwizi wa simu haibi na mdomo. Basi hiyo sauti yote inakusanywa ya nini?

Hilo swali si langu peke yangu. Ni swali la sheria.

Hakuna kifungu kinaitwa "maiki ya CCTV", lakini

Watu wanapenda kusema Kenya haina sheria ya mambo haya. Ni kweli hutapata kifungu kimoja kimeandikwa kwamba kamera ya duka isirekodi sauti. Lakini ukiunganisha zenye ziko, picha inatoka vizuri.

Anza na Katiba ya 2010, Kifungu cha 31. Kila mtu ako na haki ya faragha, na ndani yake wametaja kabisa habari za familia na mambo ya binafsi, ambazo hazifai kuulizwa ama kuanikwa bila lazima, na wametaja faragha ya mawasiliano. Na usidhani Katiba inabana serikali peke yake. Kifungu cha 20 kinasema haki hizo zinafunga vyombo vya dola na watu wote. Mdosi ni mtu. Mwenye ploti ni mtu.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data, namba 24 ya 2019, yenye ilianza kazi Novemba mwaka huo. Sauti yako ikiwa inaweza kujulikana ni yako, hiyo ni data yako kama tu namba ya kitambulisho. Sheria hii ndiyo ilileta Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile wengi wanaiita ODPC, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020.

Kifungu cha 25 ndicho mimi napenda. Kinataka data ikusanywe kwa sababu iliyo wazi na halali, na iwe tu ile inayohitajika kwa sababu hiyo, si zaidi. Alafu kuna kasehemu kamoja hapo watu hupita mbio: habari za familia ama mambo ya binafsi zikitakiwa, lazima kuwe na maelezo halali ya kwa nini. Soma hiyo ukifikiria ile mchana ya mvua. Mdosi akiulizwa, "Ulihitaji habari ya mimba ya huyu dada kwa sababu gani ya usalama?" atajibu nini? Aliweka kamera ju ya wezi. Mimba haikuwa imeiba chaja.

Sheria pia imetenga kitu inaita data nyeti. Afya iko ndani. Hali ya ndoa iko ndani. Majina ya watoto, wazazi na mwenzi wako. Mali yako. Kabila lako. Data ya aina hii ina masharti makali kuliko ile ya kawaida, na ukikaa chini uhesabu, hizo ndizo stori watu hupiga kazini siku nzima. Kamera ya picha inaweza kaa mwezi mzima bila kupata hata moja. Maiki inazipata kabla ya chai ya saa nne.

Na kuna Kifungu cha 41, kinachosema ulinzi wa data uwe ndani ya mfumo tangu unapoundwa, na kwamba mpangilio wa kawaida wa mashine uwe ule unaochukua data inayohitajika tu. Kwa lugha yetu: ukiiwasha bila kugusa kitu, ikae upande wa faragha. Kamera zetu zinafanya kinyume kabisa. Zinawaka zikiskia kila kitu na ni juu yako kuzizima. Kwa hivyo ule utetezi wa "sikujua maiki iko on" sioni ukimsaidia mdosi. Ndiyo kwanza unaonyesha hakuwahi fikiria.

"Hapa kuna CCTV" haitoshi

Kuna karatasi umewahi ona kwa mlango wa supamaketi, ina mchoro wa kamera na maneno ya kuonya kwamba unatazamwa. Wengi wanadhani hiyo ndiyo ruhusa ya kila kitu.

Kifungu cha 29 kinataka uambiwe, kabla data yako ichukuliwe, kwamba inachukuliwa, ni ya nini, itapewa nani, na haki zako ni zipi. Sasa karatasi ikisema unatazamwa, umeambiwa kuhusu picha. Haijasema unaskizwa. Ukiongea hapo ndani ukidhani kamera ni kiziwi, hujaambiwa ukweli wote. Mimi si wakili, na sijasema kila duka lenye karatasi fupi litafungwa kesho, lakini karatasi isiyotaja sauti ni ngumu kuitumia kutetea sauti.

Na "walikubali" je? Hapa waajiri wanapenda kutoa karatasi uliyosaini siku ya kwanza, ile ya kurasa sita ulisaini ukiangalia tu pale pa mshahara. Chini ya Kifungu cha 32, ni mwajiri ndiye anafaa kuthibitisha ulikubali, na unaweza kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Pia inaangaliwa kama ulikubali kwa hiari, ama ni kwamba bila kukubali hupati kile kitu. Niambie ukweli: nani kwa hii Nairobi, na kodi ya mwezi inamngoja, ameambiwa "saini ama uende" akachagua kwenda? Ridhaa ya mtu mwenye njaa ni nyepesi sana.

Sheria haisemi ridhaa ndiyo njia pekee. Mwenye biashara anaweza kusema ako na sababu halali ya kulinda mali yake, na hiyo inakubalika. Lakini sababu hiyo inapimwa na madhara yako wewe. Kwa picha ya kaunta, atashinda hiyo mizani mara nyingi. Kwa sauti ya siku nzima ya wafanyakazi wawili, sioni akishinda.

Kwa ploti ndiyo moto zaidi

Tuache kazi turudi keja. Hizi fleti zimejaa kamera za korido, na nyingi haziko kwa geti, ziko mita mbili kutoka mlango wako. Milango yetu unaijua. Ukikohoa ndani, jirani anasema pole. Kamera yenye maiki hapo nje inaskia ukigombana na bibi, inaskia ukiambia mtoto aseme baba hayuko, na keateka anajua uko ndani kabla agonge. Wapangaji wananiambia mwenye ploti anarudia maneno yao neno kwa neno akidai kodi, na wao wanalaumu majirani. Ile stori yangu ya stoli ndiyo hiyo hiyo, imehamia Roysambu.

Kuna watu watasema ni nyumba yake, afanye anavyotaka. Kweli sheria, kwenye Kifungu cha 51, inamwachilia mtu anayetumia data kwa mambo yake ya binafsi kabisa ama ya nyumbani kwake. Lakini korido ya watu arobaini wanaolipa kodi si sebule ya mtu. Hiyo ni biashara. Kanuni za usajili za 2021 zinasamehe biashara zenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ila zimetoa orodha ya wasiosamehewa hata wakiwa wadogo. Kwa hiyo orodha kuna wanaoendesha CCTV za usalama, kuna wanaosimamia majumba, na hoteli pia. Kwa hivyo mwenye ploti asijifiche nyuma ya udogo.

Hata kati ya jirani na jirani, korti zetu zimeshaingia. Mwaka wa 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba kamera ambazo mtu alizielekeza kwa makao ya jirani yake zilivunja haki ya faragha ya Kifungu cha 31. Hiyo ilikuwa ni vita ya picha zaidi. Kwa vita ya sauti yenyewe, kesi yenye mimi huwaambia watu iko Uingereza, na haiko mbali na sisi vile unadhani, ju sheria yetu ya data imefuata sana ile ya Ulaya.

Ni Oktoba 2021, mahakama ya Oxford, mbele ya Jaji Melissa Clarke. Jamaa alikuwa ameweka kamera za Ring kwake, moja ikiwa kwa kengele ya mlango, akisema anaogopa wezi wa magari. Jirani yake akashtaki. Ikatokea kwamba maiki za hizo kamera zingeweza kunasa maneno ya watu walio futi 40 na zaidi, nje kabisa ya mali ya jamaa. Jaji alikubali mtu ana haki ya kuogopa wezi. Akakubali hata baadhi ya picha. Lakini sauti aliiona mbaya kuliko picha, na akasema lengo la kuzuia wizi lingetimizwa bila kurekodi sauti hata kidogo. Jamaa akapoteza.

Uamuzi wa Oxford haumfungi hakimu wa Milimani. Lakini hiyo njia ya kufikiri, ya kutenganisha picha na sauti na kuuliza kila moja ina kazi gani, ndiyo hiyo hiyo iko kwa Kifungu chetu cha 25.

Airbnb nazo? Wenyewe walipiga marufuku kamera za ndani ya nyumba dunia nzima kuanzia 30 Aprili 2024. Kabla ya hapo mwenye nyumba angeweza kuweka kamera kwa sebule bora ameitangaza. Sasa ukilala kwa nyumba iliyokodishwa kupitia kwao na upate kamera inakuangalia ukila, ripoti. Lakini nyumba nyingi za kulala usiku mmoja hapa Nairobi zinakodishwa kwa WhatsApp na Instagram, na huko hakuna kampuni ya kukulinda. Hapo ni wewe, Katiba na macho yako.

Na kuna yule dada wa kazi. Wazazi wengi wameweka kamera sebuleni ju ya mtoto, na baada ya video zenye tumeona za watoto wakipigwa, sitamwambia mzazi yeyote azime. Lakini huyo dada anaishi hapo. Hana saa ya kutoka. Ukimwekea maiki, huskii kazi yake, unaskia maisha yake yote. Mwambie kamera iko, mwambie inaskia, na usiweke mahali analala ama anaoga. Hiyo si hisani.

Achana na sheria za TikTok

Kuna video zinazunguka za kusema ukiwa mmoja wa wanaoongea, unaweza kurekodi bila kuambia mwenzako. Hiyo ni sheria ya Marekani ya shirikisho, na hata huko majimbo kama California na Florida yanataka wote wakubali kama maongezi ni ya siri. Mdosi wa Kirinyaga Road akikwambia "sheria inaruhusu mtu mmoja akijua", amekula kitabu cha wenyewe. Tena amekila vibaya, ju hata Marekani huyo mmoja lazima awe ndani ya maongezi. Kamera ya ukutani haibongi na mtu. Mdosi akiwa Thika na sisi tunapiga stori tao, hakuwa mmoja wetu.

Hapo ndipo iko tofauti na wewe kurekodi simu ya mdosi akikutusi. Wewe ulikuwa ndani ya hayo maongezi, maneno uliambiwa wewe. Bado usikimbilie kuweka mtandaoni. Ukiitunza ya kujitetea ni jambo moja, ukiimwaga ndio wasee wacheke ni jambo lingine. Septemba 2023 ODPC ilipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na Roma School 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo zilikuwa picha tu. Fikiria klipu ya sauti ya mpangaji akilia, imetupwa kwa grupu la ploti.

Lakini tusidanganyane, tunazihitaji

Sitaki mtu asome hii aende akang'oe kamera. Juni 2025 Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi pale Central, Nairobi, kitu cha kwanza nchi nzima iliuliza ni CCTV iko wapi, na IPOA ikasema mfumo ulikuwa umechezewa. Waliojua thamani ya hiyo rekodi ndio waliiguza. Kamera ikiwa inaangalia mwenye nguvu, tunaitaka na macho na masikio.

Na wenye maduka pia wana hoja. Kuna kastoma anakuja na mesej feki anaapa amelipa. Kuna wanaotisha mtoto wa kaunta ju wanajua ako peke yake. Mahali kama hapo sauti inaweza kusaidia, na mimi mwenyewe kuna siku ningeitaka. Lakini hiyo ni sababu ya maiki ya kaunta, yenye watu wameambiwa kwa maandishi makubwa, inayofutwa baada ya siku chache, na inaskizwa tu kukiwa na kesi. Si sababu ya mdosi kutuweka kama redio akiendesha gari.

Kitu kingine wadosi hawajui: hiyo sauti wanayojidai nayo inaweza kuwaangukia kortini. Rekodi ya kielektroniki inataka cheti cha Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilitoka mashine gani na ilitolewa vipi. Klipu iliyotumwa kwa WhatsApp mara nane haina hiyo historia. Na Katiba, Kifungu cha 50(4), inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utatupwa ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki ama kuchafua utoaji haki. Kwa hivyo unaweza kuwa na mwizi kwa sauti na bado upoteze sauti yenyewe.

Ukishajua inaskia, fanya hivi

Kwanza angalia. Kando ya lenzi ama chini yake mara nyingi kuna kitundu kidogo kama cha sindano. Hiyo huwa maiki. Kama kamera inaweza kukuongelesha kwa spika, chukulia inaskia pia.

Pili uliza, na uulize kwa maandishi. Mesej ya WhatsApp inatosha: je, kamera inarekodi sauti, ni ya nini, inakaa siku ngapi, nani anaskiza? Una haki ya kujua na ya kupewa data yako mwenyewe. Kanuni za 2021 zinampa mwenye data siku 7 kujibu ombi la kuona data. Nikwambie ukweli, mara nyingi hiyo mesej peke yake huzima maiki, ju mtu akishajua kuna mtu anajua, anaanza kuogopa.

Akikupuuza, peleka malalamiko ODPC. Unaweza kufanya hivyo kwa mtandao, na sheria inataka wamalize uchunguzi ndani ya siku 90. Wanaweza kuamuru jambo likome. Faini yao inafika milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, yaani ile ndogo kati ya hizo mbili, na chini ya Kifungu cha 65 wewe uliyeumia unaweza kudai fidia. Kuumia si pesa tu. Sheria imehesabu hata ile stresi.

Ukifutwa kazi ju ya kitu kilichoskizwa, hiyo ni kesi ya pili. Sheria ya Ajira ya 2007, Kifungu cha 41, inataka uelezwe sababu kwa lugha unaelewa, mbele ya mwenzako wa kazi ama mwakilishi wa chama, na uskizwe kabla ya kuachishwa kwa makosa. Na Kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumfuta mtu.

Sisi hatukujua hata moja ya hayo. Siku ile mdosi alinipigia ya chaja, jioni nilimtumia yule dem mesej ndefu, na picha ya kamera nikiwa nimezungushia kale kashimo. Iliweka tiki mbili za bluu na ikanyamaza. Baada ya siku tatu akajibu: "Kwa hivyo si wewe." Tukakutana Jumapili yake, mtoto akiwa tayari anatembea akishika viti.

Mimi nilikuwa nataka twende mbele na hiyo kesi. Yeye hakutaka, alisema amechoka na hiyo nyumba ya maneno. Hiki nilichoandika nilimwonyesha kabla ya kukiweka hapa. Aliondoa sentensi mbili, akaniambia nisitaje mtaa wake wala jina la mtoto, halafu akasema sawa.